Spea za kamera ya mkanda isiyotengenezwa tena: namna ya kuzipata ukiwa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Canon AE-1 iliacha kutengenezwa mwaka 1984, Pentax K1000 mwaka 1997, Nikon FM2 mwaka 2001. Usitegemee kukuta soko la Mwanjelwa, Mbeya, au soko kuu la Iringa duka lenye rafu ya spea zake. Hata hivyo kamera hizi zinatengenezeka. Nyingi ni chuma, gia na springi, na kasoro nyingi zinazofanya zifungiwe kabatini hazihitaji spea ya kiwandani hata kidogo.

Spea hupatikana katika njia nne: vitu vya kawaida vilivyo madukani hapa hapa, kamera nyingine iliyokufa, kuagiza nje, na kuchongesha. Zifuate kwa mpangilio huo. Anayekimbilia kuagiza kabla ya kupima husubiri wiki kadhaa, kisha akapokea kitu ambacho hakikuwa tatizo.

Kwanza jua kilichoharibika

Fungua mlango wa nyuma bila mkanda ndani, toa lenzi, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe wenye mwanga. Vuta mkono wa kusogezea mkanda, fyatua, ukianza na kasi ya sekunde 1 hadi kasi ya juu kabisa. Tazama kwa nyuma kama pazia la shata, yaani mlango unaopitisha mwanga kwenye mkanda, linafunguka lote na kufunga. Kwenye 1/1000 unapaswa kuona mwanga ukimulika mara moja katika fremu nzima. Upande mmoja ukibaki mweusi, mapazia hayakimbii sawa.

Baadhi ya dalili hudanganya. Canon AE-1 bila betri haifyatui kabisa, na wengi huidhania imekufa. K1000 na FM2 hufyatua bila betri kwa sababu shata yao ni ya kimekanika. Betri ni ya mita ya mwanga tu. Kasi za chini, yaani sekunde 1 hadi 1/15, zikikwama alfajiri ya Juni kule Makete au Njombe halafu mchana zikafanya kazi, kamera haidai spea. Grisi ya zamani imekauka na baridi inaigandisha. Dawa yake ni kusafishwa na kuwekewa mafuta mapya kidogo sana, ya kiwango cha mafuta ya saa.

Usikubali mtu aimiminie mafuta ya cherehani. Mafuta hayo husambaa polepole, na yakifika kwenye majani ya shata huyagandisha pamoja. Shata ya majani iliyo ndani ya lenzi hufanya kazi ikiwa kavu. Kosa hili limeua kamera nyingi zilizokuwa na tatizo dogo.

Ukishajua kasoro, andika jina la kamera na herufi zake zote, namba yake, na nchi iliyoandikwa chini. Herufi moja inabadilisha spea. K1000 za mwanzo zilitoka Japani na zina kifuniko cha juu cha chuma. Za mwisho zilizotengenezwa China zina cha plastiki, kwa hiyo vifuniko na skrubu zake havibadilishani bila kupima.

Sponji za kuzuia mwanga

Hii ndiyo kasoro ya kwanza kwa wingi, na spea yake yote ipo sokoni. Kwenye mifereji ya mlango wa nyuma, upande wa bawaba, na mbele juu ya kioo kinachoruka kuna sponji nyeusi. Baada ya miaka kama 10 hadi 20 huoza na kuwa lami inayonata. Picha hutoka na michirizi ya mwanga, na vipande vya lami huangukia pazia la shata.

Wakazi wa nyanda za baridi wana bahati moja: uzi mweusi wa sufu wa kufumia sweta unauzwa kila mahali, na ndio unaofaa kabisa kwa mifereji ya mlango. Chagua wenye unene wa milimita 2 hivi, usio na nywele nyingi. Kwa bawaba tafuta kitambaa cheusi cha mahameli au sponji laini ya milimita 1.5 hadi 2. Kwa kioo tafuta sponji laini ya milimita 2 hadi 3. Soli ya ndala haifai, ni ngumu mno.

1. Funika pazia la shata kwa karatasi iliyokatwa saizi ya fremu. Usiibane kwa gundi. Kidole au kijiti kisiguse pazia.

2. Kwangua lami kwa kijiti cha kuchokolea meno. Malizia kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa isopropili, ile wanayosafishia mafundi simu, kisha ikamuliwe. Tina usiitumie: inakula plastiki na rangi.

3. Weka uzi mkavu kwanza bila gundi, kama sentimita 15 kwa kila mfereji, ufunge mlango. Ukifunga kwa shida, uzi ni mnene. Chambua nyuzi mbili au moja. Ndipo upake gundi ya viatu kwa ncha ya sindano, nukta moja kila sentimita 2. Gundi ikijaa mfereji, uzi unakuwa mgumu kama kamba na hauzibi kitu.

4. Sponji ya kioo ikate kwa wembe mpya ukitumia rula ya chuma, upana wa ile ya zamani, mara nyingi milimita 3 au 4. Kama ina gundi nyuma, ilowanishe kidogo kwa maji ili iteleze hadi ikae mahali pake kabla ya kushika. Sponji nene kupita kiasi humzuia kioo kupanda chote, na utaona kivuli upande mmoja wa picha au kamera ikikwama.

5. Subiri usiku mzima. Kisha ingia chumba cheusi, weka taa ndogo ya LED ndani ya kamera, funga mlango, tazama kingo zote. Mwanga ukionekana mahali popote, hapo ndipo pa kurudia.

Betri zilizotoweka

Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970, kama Yashica MAT-124G na Olympus OM-1, zilitumia betri ya zebaki namba 625 ya volti 1.35. Betri hizo haziuzwi tena. Ukiweka ya alkali ya volti 1.5 yenye umbo hilo hilo, mita hudhani kuna mwanga zaidi ya uliopo, nawe unapiga picha zenye giza.

Mbadala mzuri ni betri ya kifaa cha kusaidia kusikia, namba 675, yenye volti 1.4. Uliza maduka ya dawa makubwa au kliniki za masikio. Ni nyembamba: kipenyo chake ni milimita 11.6, na nafasi ya 625 ni kama milimita 15.6. Nunua kwa wauza vifaa vya bomba pete ya mpira yenye tundu la milimita 11 hadi 12 na upana wa nje usiozidi 15.5, uivishe betri. Urefu ukipungua, kunja karatasi ya alumini mara mbili au tatu uweke upande wa chini. Betri hii hupumua hewa: ikibanduliwa kibandiko huanza kuisha hata usipopiga picha, kwa hiyo nunua zaidi ya moja na ubandue inapohitajika.

Si kila kamera inajali tofauti ya volti. Pentax Spotmatic ina sakiti inayojisawazisha, na volti 1.55 haiisumbui.

Betri nyingine zipo kwa mafundi saa. LR44, AG13 na A76 ni saizi moja, na ndizo za K1000. Ukipata SR44 chukua hiyo, volti yake haishuki kidogo kidogo. Nafasi ya CR1/3N hukaa LR44 mbili zilizopangwa. Canon AE-1 inataka 4LR44 ya volti 6. Ukiikosa, panga LR44 nne mfululizo, zizungushie karatasi. Hapa kuwa macho: muuzaji anaweza kukupa betri ya rimoti, 23A, kwa sababu zinafanana. Ile ni volti 12, na itaunguza sakiti. Soma maandishi yake kabla ya kulipa.

Chumba cha betri chenye ukoko mweupe au wa kijani kisafishe kwa siki au ndimu kwenye pamba, kisha isopropili, kisha kipanguse kwa karatasi ya msasa laini. K1000 haina swichi ya kuzima mita, hivyo kifuniko cha lenzi kikivuliwa betri inatumika. Mara nyingi mtu anatafuta spea ya mita, kumbe kifuniko hakijawahi kuvalishwa.

Kupima mita baada ya yote hayo: weka ISO (wepesi wa mkanda kwa mwanga) 200, saa sita mchana kweupe bila wingu, elekeza kwenye majani yaliyopigwa na jua. Mita inapaswa kukupa karibu 1/250 kwa tundu la lenzi la f/16. Ikizidi au kupungua hatua moja tu, sahihisha kwa kubadilisha ISO, usifungue kamera.

Zenit E haina betri. Mita yake ni ya seleniamu, inayozalisha umeme kutokana na mwanga wenyewe, na sindano isipocheza kwenye jua hakuna sababu ya kutafuta seleniamu nyingine, kwa kuwa hiyo nayo ina umri ule ule. Tumia programu ya mita kwenye simu. Kamera yenyewe haitegemei mita ili ifyatue.

Jua ndugu za kamera yako

Viwanda vilitumia sehemu zile zile katika modeli kadhaa, na ukizijua ndugu hizo nafasi yako ya kupata spea inaongezeka mara nyingi. K1000 ilitokana na Pentax KM, kwa hiyo KM iliyokufa ni ghala la spea za K1000. Kifuniko cha betri cha Canon AE-1, ambacho huvunjika ulimi wake mdogo wa plastiki, ni sawa na cha AE-1 Program na A-1. Olympus OM-1 ina sponji juu ya prizimu (kioo kinene cha juu kinachopeleka picha jichoni) inayooza na kula rangi ya fedha ya kioo. Prizimu ya OM-10, kamera nafuu zaidi, huwekwa badala yake. Lenzi za Praktica zenye skrubu ya M42, yaani kipenyo cha milimita 42, hukaa kwenye Zenit na Spotmatic, ila Zenit E za mwanzo kabisa ni M39, na lenzi hizo haziingii humo.

Minolta X-700 inastahili kutajwa peke yake. Taa za ndani zinawaka lakini haifyatui: mara nyingi ni kapasita (kifaa kidogo kinachoshika chaji ya umeme) iliyo chini ya kifuniko cha chini, ya 220 µF na volti 4. Fundi redio mwenye mkono mtulivu anaibadilisha kwa 220 µF ya volti 4 au zaidi, mradi iwe ndogo ya kutosha na ncha chanya na hasi zisigeuzwe. Mwambie atumie pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba na asikae juu ya mguu mmoja zaidi ya sekunde 3.

Kamera ya kutolea spea

Ukihitaji springi, gia, mkono wa kusogezea mkanda au kioo cha kulengea, njia ya kweli ni kamera nyingine mbovu. Zungukia kwanza studio kongwe za pasipoti Mbeya mjini, Tukuyu, Iringa, Makambako na Njombe, ambazo zilihamia dijitali na kuacha mizigo stoo. Uliza pia kwenye misheni za zamani na kwa walimu wastaafu. Nenda na picha ya modeli yako kwenye simu, kwa kuwa wengi hawakumbuki jina lakini wanakumbuka sura.

Kabla ya kununua, hakikisha ubovu wake si ule ule wa kwako. Unatafuta mkono wa kusogezea mkanda? Basi mbovu wa pazia unafaa. Mita? Isijaribiwe kwa kusikiliza maneno. Weka betri, tazama sindano. Fungua chumba cha betri uangalie kutu, kwa maana kemikali ya betri iliyovuja hupanda hadi kwenye nyaya. Kamera iliyoloa usichukue kwa ajili ya gia, lakini vifuniko, mlango na vitasa vyake bado ni mali.

Kabla ya kufungua, jambo la hatari: kamera ndogo zenye flashi ya ndani zina kapasita inayoweza kushika takriban volti 300, hata betri ikiwa imetolewa. Unganisha kwenye miguu yake balbu ya kawaida ya nyuzi, kwa nyaya zilizofunikwa, hadi chaji iishe, kisha pima kwa mita kuwa imefika karibu na 0. Bila vifaa hivyo mwachie fundi redio.

Skrubu za kamera za Japani ni za aina ya JIS, kiwango cha viwanda cha Japani. Bisibisi ya nyota ya kawaida ina ncha ndefu, haikai hadi chini, na ukikaza kidogo inaruka na kula kichwa cha skrubu. Ukishakula kichwa, kazi ya dakika 5 inakuwa ya siku nzima. Nunua JIS namba 0 na 00, au chukua nyota nzuri usage ncha yake kidogo kwenye jiwe la kunolea hadi ikae kabisa. Skrubu iliyogoma ipewe tone moja la asetoni kwa sindano, ikae dakika 10, maana huwa imefungwa kwa vanishi. Asetoni isiguse plastiki.

Pete zenye matundu mawili hufunguliwa kwa bikari ya shule iliyonolewa ncha mbili za chuma zifanane. Kitasa cha kurudishia mkanda hutoka hivi: ndani ya kamera bana uma wake kwa kijiti cha mbao, kisha zungusha kitasa kinyume cha saa. Bila kuubana unazunguka wote na hautoki.

Fanyia kazi juu ya taulo jeupe, madirisha yamefungwa. Vumbi la Julai halina huruma. Piga picha kila hatua. Skrubu zipange kwenye trei ya barafu kwa mpangilio uliozitoa, kila tundu limepewa namba. Springi ikiwa chini ya shinikizo, fungua ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, ili ikiruka isipotee.

Skrubu iliyopotea pima kwanza. Za kamera ni M1.4, M1.7 au M2. Za M2 zipo kwa mafundi laptopu, M1.4 kwa mafundi simu na miwani. M1.7 ni adimu, itoe kwenye kamera ya spea. Usilazimishe M2 kwenye tundu la M1.7, utaharibu nyuzi za alumini na hazirudi.

Kuagiza

Ukikosa hapa, tafuta mtandaoni kwa namba ya spea kutoka kwenye mchoro wa kitabu cha mafundi. Namba inaleta majibu sahihi kuliko jina. Kwenye eBay andika jina la kamera na maneno “for parts”. Wauzaji wa Japani huandika “junk”, wa Ujerumani “defekt”, na hapo ndipo Praktica zilipo. Mwombe muuzaji picha tatu: chumba cha betri kikiwa wazi, pazia la shata kwa nyuma, na ndani ya mlango. Mwombe pia atoe betri kabla ya kufunga, kwa sababu mizigo ya anga yenye betri huzuiwa.

Vifaa vidogo kama pete za betri, seti za sponji na vifuniko hupatikana China, na mawakala wa mizigo wanaokusanya Guangzhou na kutoa Kariakoo hupokea hata bahasha. Linganisha bei ya chini kabisa ya wakala na ya posta. Kwa kifurushi cha gramu 50 posta mara nyingi ni nafuu. Ongeza kodi za forodha kwenye hesabu yako, na tangaza thamani halisi.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 juu ya basi. Spea ndogo ziwekwe kwenye kopo gumu lililojazwa pamba, si bahasha tupu. Prizimu na vioo vifungwe kwa karatasi laini kila kimoja peke yake.

Kuchongesha

Kifuniko cha betri, kitasa, pete ya kuunganisha lenzi: hivi mkereza vyuma anaweza. Nenda kwenye karakana za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, au kwa wakereza wa gereji ukiwa na kifuniko cha kuazima, si kipimo cha mdomo. Mpe kipenyo cha nje kwa kalipa inayosoma hadi milimita 0.05, na hatua ya nyuzi, yaani umbali kati ya uzi na uzi. Kwa M42 hatua ni milimita 1. Shaba nyeupe au alumini inafaa. Chuma cha kawaida hushika kutu. Kifuniko cha betri kinapitisha umeme, kwa hiyo kisipakwe rangi upande wa ndani. Kwa plastiki, michoro ya uchapaji wa 3D ipo bure kwenye tovuti za Thingiverse na Printables, na kifuniko cha AE-1 ni kati ya vinavyochapwa sana. Omba tabaka la milimita 0.1, la sivyo ulimi unavunjika tena wiki ya kwanza.

Ngozi ya nje iliyobanduka peleka kwa fundi viti vya magari: kipande cha ngozi bandia cha nusu milimita kinatosha kamera mbili.

Visivyobuniwa

Pazia la kitambaa lenye tundu la sindano linaweza kupakwa tone jembamba la rangi nyeusi ya kitambaa, likauke kabisa kabla ya kukunjwa. Zaidi ya hapo, pazia lililochanika, majani ya shata ya FM2 na bodi ya sakiti ya AE-1 hutoka kwenye kamera nyingine tu. Mvuto wa springi za shata usiuguse kwa kubahatisha. Kila kasi hupotea kwa mpigo mmoja. Kama spea ya namna hiyo haijapatikana, funga kamera, andika kwenye kibandiko kilichokosekana, uiweke.

Mabaki ya kamera ya spea usitupe hata moja. Kila kundi liwe kwenye mfuko wake wenye jina la modeli, namba ya skrubu na tarehe, yote ndani ya kopo lenye mfuniko na pakiti za silika. Tukuyu na Rungwe, ambako mvua ni nyingi mno, kuvu huanza kwenye kioo cha lenzi ndani ya msimu mmoja. Zikaushe pakiti hizo upya kwa moto mdogo kila baada ya miezi mitatu, zikianza kulowana.